Uzito wa Petroli ya Ojok

Ojok alipigwa kitako cha bunduki mdomoni kabla hajaulizwa swali lolote. Ndivyo kazi ilivyofanyika Juba wiki ile: unapigwa kwanza, unaulizwa baadaye, na ukichelewa kujibu kwa sababu meno yamelegea, unapigwa tena kwa kosa la kuchelewa. Aliangukia jerikeni tupu alizokuwa amezipanga mbele ya kibanda chake pale Gumbo, kando ya barabara ya Nimule. Mkewe Namukasa alikuwa ndani akifunga nguo ili wakimbilie mpakani. Alisikia kishindo cha plastiki kwanza, ndipo akasikia sauti ya mumewe.

Alitoka mbio. Aliona pikapu yenye mashimo ya risasi ubavuni, askari wanne, na mwanamume mrefu ambaye wenzake walimwita kapteni. Wa upande gani, hakuna aliyeuliza. Julai ile walikuwa wamegeukana watu waliokula sahani moja miaka mitano iliyopita siku bendera mpya ilipopandishwa, na raia mwenye akili timamu hakumwuliza mwenye bunduki habari za upande. Jirani yao Lillian, mwuza chapati, aliyejua habari za kila mtu hadi rangi ya kanga zake za ndani, alikuwa ameshafunga mlango na kuweka komeo.

Kwenye usukani wa pikapu alikaa mtu waliyemfahamu vizuri. Emilio alikuwa mzaliwa wa Juba aliyekulia ukimbizini Uganda, akarudi nchi ilipopata uhuru, na kila Jumamosi alikuja kwa Ojok kununua petroli na kupiga soga. Leo hakushuka. Alitazama mikono yake.

"Ni huyu?" kapteni alimwuliza.

"Ni huyu, afande," Emilio alisema. "Petroli ya ile gari mimi alitoa kwa hii mtu."

Namukasa alimtazama, na kama macho yangekuwa na meno, Emilio angetoka pale bila pua.

Kapteni alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Alieleza kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini ilitisha kuliko kelele za askari wake. Jumapili, gari lililombeba mdogo wake lilikuwa linakimbia kuelekea darajani huku likirushiwa risasi. Lilikohoa, likazimika palepale penye uwazi. Waliokuwa nyuma waliuawa wamekaa. Kisha moto ukashika. Mdogo wake alikuwa hai moto ulipomfikia, kwa sababu watu wa ng'ambo ya mto walimsikia akiita. Dereva peke yake, huyu Emilio, ndiye aliyeruka na kupona.

"Dereva ananiambia petroli ilikuwa chafu," kapteni alisema. "Kwamba huyu anachanganya na mafuta ya taa."

Askari mmoja, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alimkanyaga Ojok mgongoni. Ojok alitema damu na kipande cha jino.

"Yangu ni safi," alisema. "Afande, uliza mke wangu. Yeye iko napima. Kila pipa anapima."

"Anapima na nini?"

"Na mizani."

Kapteni alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajalala. Alimgeukia Namukasa, akamwambia alete hiyo mizani. Kisha akasema masharti yake bila kupandisha sauti: petroli ikiwa safi, ataondoka. Ikiwa imechanganywa, Ojok atainywa, na akishashiba atawashwa, ili na yeye ajue mdogo wake alijua nini.

Mizani yenyewe ilikuwa ya keki. Namukasa alikuja Juba mwaka wa uhuru, wakati watu walikuwa wakioana kila Jumamosi kana kwamba wachumba wanakaribia kuisha dukani, na alioka keki za harusi hadi mikono ikanuka vanila. Vita vya kwanza vilipoingia, unga ulipotea na harusi zikapotea nazo. Mizani ikabaki juu ya kabati. Ni yeye aliyepata wazo la kuitumia kwa petroli, baada ya Ojok kuuziwa pipa zima la uchafu na kulaaniwa na waendesha bodaboda wote wa Gumbo. Alisoma sayansi Masaka mpaka kidato cha sita, na kitu kimoja kilichomkaa kichwani ni densiti: kila kimiminika kina uzito wake, na ukijua uzito huo kinashindwa kukudanganya. Unapima chupa tupu. Unaijaza maji mpaka mdomoni, unapima. Unamwaga, unaijaza petroli mpaka palepale, unapima. Unatoa uzito wa chupa, kisha uzito wa petroli unaugawa kwa uzito wa maji. Petroli safi inakuja sifuri nukta saba nne, juu au chini kidogo. Mafuta ya taa ni mazito zaidi, kwa hiyo mchanganyiko unapanda. Ikipita saba sita, rudisha kwa aliyekuuzia na umtukane.

Haya yote alimweleza kapteni mwenyewe, amepiga magoti kwenye vumbi, mizani juu ya kiti cha plastiki. Alieleza kwa haraka na kwa fahari kidogo, maana alijua pipa lile la kibandani, ndilo alilouziwa Emilio. Alilipima mwenyewe lilipofika. Kapteni alisikiliza, akatoa simu yake na kufungua mahali pa kufanyia hesabu.

"Saba nne ni safi," alisema. "Kupita saba sita ni wizi. Nimekusikia, mama."

Askari wa kitambaa cha kijani alinyakua chupa moja kwenye meza ya barabarani, zile chupa nyembamba za maji ya kunywa ambazo Gumbo nzima huuzia petroli ya bodaboda. Petroli iliyokuwamo aliimwaga polepole juu ya mgongo wa Ojok, pale ngozi ilipochubuka. Ojok alilia kwa sauti ambayo Namukasa hakuwahi kuisikia katika ndoa yao. Kisha yule askari alimrushia mwanamke chupa tupu kifuani.

"Hii," alisema. "Yala, haraka."

Namukasa aliipunga ikauke, akaiweka kwenye bakuli dogo la mizani, lililoishika wima. Gramu ishirini. Alivuta petroli kutoka kwenye pipa kwa mpira, akaijaza hadi mdomoni. Gramu mia nne kumi na mbili. Ukitoa chupa, mia tatu tisini na mbili. Sasa yalihitajika maji, na maji hayakuwapo. Maboza ya maji hayakuwa yamepita tangu risasi zianze, na tone la mwisho walikuwa wamelinywa asubuhi. Lakini hilo halikumsumbua. Chupa za namna ile zilitoka kiwanda kimoja, zote sawa, na kila mwuzaji barabarani alijua kwamba ukiijaza maji hadi mdomoni yanakuwa gramu mia tano kamili. Namukasa alishapima mara nyingi mpaka akaacha kupima. Mwaka mzima alikuwa akigawa kwa mia tano bila kufikiri.

"Gawa kwa mia tano," alimwambia kapteni.

Kapteni aligawa. Kisha alimwonyesha simu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwonyesha mwenzake picha ya mtoto. Sifuri nukta saba nane nne.

Namukasa alisoma namba zile mara mbili. Alisema haiwezekani. Alisema tena, na mara ya tatu hakuna aliyemsikia, kwa sababu askari walikuwa tayari wamempindua Ojok chali. Mmoja alimkalia miguu, mwingine alimpachika mdomoni koni ileile ya bluu waliyotumia kujazia pikipiki. Yule wa kitambaa cha kijani aliinua jerikeni. Petroli iliingia, ikatoka puani, ikaingia tena. Ojok alijipinda hadi mgongo ukanyanyuka kutoka ardhini, na mguu wake mmoja uliochomoka ukapiga teke kiti cha plastiki.

Namukasa aliidaka mizani. Chupa iliyokuwa juu yake iliangukia mapajani mwake, ikamlowesha, na alipoisimamisha tena chini, haikukaa. Iliyumba. Akaishika, akaiachia, ikayumba tena, ikalala.

Aliigeuza. Kitako cha chupa ya maji huwa kimebonyea kwa ndani, ndiyo maana husimama imara. Kitako cha hii kilikuwa kimetoka nje, mviringo kama kiwiko. Na kiuno, pale penye mistari ya kushikia, kilikuwa kimenyooka na kupanuka. Chupa hii ilikuwa imekaa juani kwenye meza ile wiki nyingi mno, imefungwa kifuniko, petroli ndani inachemka kila adhuhuri na mvuke unasukuma plastiki. Ilikuwa imevimba. Haikuwa ya mia tano tena. Ilibeba zaidi, kwa hiyo petroli yake ilikuwa nzito zaidi, na yeye kwa uzembe wa mazoea aliigawa kwa maji ya chupa nyingine.

"Chupa imevimba," alisema.

Askari walikuwa wamemwachia Ojok atapike, na sasa yule wa kitambaa cha kijani alikuwa na kiberiti cha gesi mkononi. Alikibofya ili kuona kama kinafanya kazi. Kilifanya kazi.

Namukasa alijirusha miguuni pa kapteni na kumshika buti. Alipigwa teke la bega, akaanguka, akarudi kulishika. Alimwonyesha kitako cha chupa, akachukua nyingine mezani na kuziweka sambamba mbele ya macho yake. Alisema hesabu haikukosea, chupa ndiyo iliyokosea, na kama atapata maji atamwonyesha, maji kidogo tu, nusu lita, na baadaye achome anayetaka kumchoma.

"Moya mafi," askari mmoja alisema. Maji hakuna. Na hilo lilikuwa kweli: hata midomo yao ilikuwa imepasuka kwa kiu.

Mlango wa pikapu ulifunguka. Emilio alishuka na chupa yake kubwa ya maji, iliyobaki zaidi ya nusu, ambayo kwa siku zile ilikuwa mali kuliko saa ya dhahabu. Alitembea kati ya askari bila kumtazama yeyote, akachuchumaa mbele ya Namukasa.

"Mama Pearl, hii iko yangu," alisema. "Chukua. Pima."

Pearl alikuwa binti yao, yuko shuleni Gulu, na Emilio alikuwa akimletea pipi za maziwa alipokuja likizo. Namukasa aliyachukua maji bila kusema asante. Bado alimchukia.

Kapteni alichuchumaa naye. Safari hii alitaka kufanya mwenyewe. Petroli iliyobaki kwenye chupa iliyovimba ilimwagwa, chupa ikakung'utwa na kupungwa mpaka mizani ikarudi kwenye ishirini. Kapteni alimimina maji kwa mkono wake hadi yakajaa mdomoni na kufanya mgongo. Gramu mia tano na hamsini. Ukitoa chupa, mia tano thelathini. Aliandika kwenye simu kwa kidole kimoja: mia tatu tisini na mbili, gawa kwa mia tano thelathini.

Sifuri nukta saba tatu tisa sita.

Alifuta, akaandika upya, ikatoka vilevile. Aliishika chupa akaibonyeza kitako kwa dole gumba, akaisikiliza ikibofyeka ndani na kurudi nje. Alionekana kuwa mtu aliyependa shule zamani.

"Saba nne," alisema.

"Saba nne, afande."

"Kwa hiyo petroli iliyotoka hapa ni safi."

"Ni safi."

Alimpa ishara askari, na kile kiberiti kikazimwa, ingawa hakikurudi mfukoni. Namukasa alitambaa hadi kwa mumewe, akamgeuza ubavu ili asisongwe na matapishi. Alimfuta uso kwa gauni lake. Alikuwa hai, ananuka kituo kizima cha mafuta, na moyo wake ulikuwa unadunda chini ya kiganja chake. Namukasa alifurahi. Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu kingine duniani alichokihitaji.

"Ilitoka hapa safi," kapteni aliendelea, akijisemea mwenyewe. "Ikafika kwenye gari la mdogo wangu chafu. Hapo katikati kuna mkono wa nani?"

Emilio alikuwa bado amechuchumaa, anafunga kifuniko cha maji yaliyobaki. Aliinua uso, na Namukasa akaona wazo lilivyomfikia.

Pigo la kwanza lilimvunja kitu shavuni. Walimpiga kwa zamu, bila hasira hata, wakisaidiana kwa utaratibu wa watu wanaopakua mzigo. Walimuuliza aliuza wapi petroli nzuri, alinunua wapi mafuta ya taa, alilipwa na nani ili gari lizimike pale penye risasi. Kila jibu lilikuwa la uongo kwao. Aliposema hakuuza, walimvunja vidole chini ya kisigino. Aliposema labda pampu, labda uchafu kwenye bomba, labda risasi ilitoboa mahali, walicheka, kwa sababu asubuhi alikuwa amesema ni petroli. Na kweli alikuwa amesema. Aliogopa, akataja jina lililokuwa karibu, kama ambavyo wengi walitaja majina wiki ile.

"Mama Pearl," aliita. Sauti ilikuwa inapita kwenye damu. "Ambia yeye. Gari inaweza kuzima na petroli safi. Wewe iko najua hii mambo. Ambia yeye tu."

Ilikuwa kweli. Namukasa aliijua kweli hiyo vizuri kama alivyojua jina lake. Mizani ilisema habari ya pipa la Ojok, basi. Habari ya gari lililoungua haikuijua, na habari ya moyo wa Emilio haikuijua kabisa. Gari huzimika kwa mambo mia. Hesabu yake ilikuwa imemtoa mtu mmoja hatiani na haikuwa imemtia yeyote, na kosa la kapteni lingeonekana na mtoto wa darasa la sita.

Kapteni aliinua mkono, askari wakasimama. Alimgeukia Namukasa, na sasa alimtazama kwa heshima, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Ni kweli, mama? Gari linaweza kuzimika na petroli safi?"

Askari wa kitambaa cha kijani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Ojok. Kidole gumba chake kilikuwa kinacheza juu ya kiberiti, kinakibofya nusu na kukiachia. Ardhi iliyomzunguka Ojok ilikuwa imelowa, nywele zake zilikuwa zimelowa, na gauni la Namukasa nalo. Kapteni huyu alikuwa amekuja kutafuta mtu wa kumlipia mdogo wake, na asingeondoka bila kumpata. Namukasa aliliona hilo waziwazi. Ukimwondoa Emilio, anabaki nani?

"Mimi napima petroli, afande," alisema. "Mambo ya gari sijui."

Emilio alimtazama kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka, wala hakuonyesha kushangaa. Walimvuta hadi nyuma ya pikapu na kumpiga risasi, mbili, halafu ya tatu baada ya muda, kwa sababu alikuwa bado anahangaika.

Kisha kapteni aliagiza jerikeni zijazwe. Alisema petroli ya hapa ameiamini. Namukasa alivuta mpira kwa mdomo, akajaza moja baada ya nyingine, akiangalia isimwagike, huku askari wakimwambia pole pole, mama, pole pole, kwa ukarimu wa ghafla. Mmoja alimsaidia kubeba. Walipakia, mwingine akashika usukani, na pikapu ikaondoka kuelekea darajani. Emilio aliachwa palepale, uso kwenye vumbi la barabara ya Nimule.

Lillian alifungua mlango kidogo, akaona, akaufunga.

Ojok alijaribu kukaa, akashindwa, akajaribu tena. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyama. Alitazama kule barabarani alipolala Emilio.

"Gari inaweza kuzima na petroli safi," alisema. Maneno yalitoka yamevunjika, na mdomo ulikuwa umevimba. "Hata mimi iko najua."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Namukasa alingoja amlaumu. Alitaka amlaumu, amwite muuaji, ampige hata, ili pawepo mtu mmoja Gumbo aliyelitaja jambo lile kwa jina lake. Alikuwa tayari kulipokea. Lakini Ojok aliutafuta mkono wake pale chini, akaubana kwenye shavu lake lililopasuka na kuanza kulia.

"Apwoyo," alimwambia, kwa Kiacholi chake, lugha aliyomwekea yeye kwa mambo ya ndani kabisa. Asante. "Apwoyo, mke wangu. Asante sana." Alirudia na kurudia, akiubusu mkono ule. Namukasa aliuacha mkononi mwake, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuuweka.